Feni Iliyopunguzwa

Kila sebule ina kompyuta inayopima maneno ya wenye nyumba. Ukweli hauisumbui, uongo huichemsha, feni yake ikavuma mpaka majirani wakasikia.

Mchana huo Athmani aliipunguza kasi feni hiyo. "Mtoto apate usingizi, Mama Nasra," alimwambia mkewe, Saumu.

Saumu alishukuru, akatandaza nepi mbichi juu ya kompyuta, pale anapozianika siku zote.

"Jana ulichelewa wapi, Baba Nasra?"

"Kazini tu."

Feni haikubadilisha sauti. Saumu akatabasamu, akashika nepi aigeuze, akaurudisha mkono haraka. Bati la kompyuta lilikuwa la moto kama pasi.

"Na kesho utawahi?" aliuliza taratibu.

Athmani alimtazama mtoto aliyelala. "Nitawahi."

Feni iliendelea kuzunguka polepole. Nepi ikaanza kunuka moshi.