Mgeni wa Anwani Mpya

Mgeni alikuja tena alfajiri. Mmoja tu, kama kawaida yake.

Fundi cherehani alikuwa bado juu ya mswala. Alitazama kwenye simu ile namba inayohesabu wageni wa duka lake la mtandaoni: ishirini na tano. Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, hajanitupa."

Anwani ya duka aliitaka mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, alizozisoma madrasa utotoni. Hizi nyingine, za Kizungu, aliachana nazo darasa la nne, na mpaka leo zinampiga chenga. Binti yake alimsajilia, akamwekea na herufi za Kiarabu kwenye simu.

"Wifi, nani atahangaika kubadili herufi za simu kwa ajili ya gauni?" alicheka dada wa marehemu mumewe, mwenye nyumba. "Mwezi ukiisha bila mteja, hiki chumba cha mbele unachoshonea nampa kinyozi."

"Mteja ninaye. Mcha Mungu huyo! Akitoka kuswali tu, huyo dukani kwangu. Ijumaa mara mbili."

"Mbona hanunui?"

"Ana haya."

Fundi alipolala na homa siku mbili, mgeni naye hakuonekana. Akamwombea dua, huenda naye mgonjwa. Siku aliyoinuka kitandani, mgeni akarudi. Basi moyo ukamjaa, akatoa kitambaa chake bora cha buluu, akamshonea gauni la zawadi. Vipimo hakuwa navyo. Alikisia tu: mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye subira.

Mwezi ukaisha. Binti alikuja, na wifi akasimama mlangoni na kinyozi wake, ambaye tayari alikuwa anatafuta kwa macho pa kutundika kioo.

"Mama, huyo mgeni unajuaje kama amekuja?"

"Si nafungua tu duka, naangalia."

Akafungua. Arobaini. Akafunga, akafungua tena ili wifi aone vizuri.

Arobaini na moja.

Kinyozi alikohoa. Wifi akampisha aingie.

Kesho yake kioo kilitundikwa. Wa kwanza kujitazama alikuwa fundi, ndani ya gauni la buluu.

Lilimkaa barabara, mpaka mikono.