Mshale wa Inuki

"Nimesimama, lakini hiki kidude kinasema natembea!" Sauti ya Inuki ilikwaruza katika redio ya mawasiliano. "Mdogo wangu, umenifungia kitu kimelewa."

Ulayuk alivuta kiti karibu na redio. Ni kweli, kifaa hicho cha GPS alikifunga yeye mwenyewe kwenye usukani wa pikipiki ya theluji ya kaka yake. Sasa kaka huyo, aliyetoka asubuhi kuwinda sili, wale wanyama wa baharini, alikuwa mahali fulani juu ya bahari iliyoganda, tufani ya theluji imemfumba, haoni hata pua ya pikipiki. Mafuta yaliyobaki yalitosha kumrudisha nyumbani, basi. Akipotea njia, hana ya kurudia.

"Kinasemaje?"

"Mshale unasema nyumbani ni kushoto. Matuta yanasema mbele. Nani mwongo hapo?"

Kijiji kizima kingemjibu kwa sauti moja. Matuta ya theluji huchongwa na upepo ule ule majira yote ya baridi, yakawa magumu kama mawe. Mtu huyakata mshazari akiwa amefumba macho, akafika mlangoni kwake. Baba yao aliwafundisha hivyo kabla hawajajua kusoma.

"Usiondoke," Ulayuk alisema. "Toa betri, itie kwapani ipate joto."

"Kwapani! Itakufa kwa harufu."

"Ife, lakini ife na joto. Toa."

Redio ikanyamaza. Nje, Mjomba Pauluusi na wenzake walikuwa wamekwisha kufunga matela nyuma ya pikipiki zao, injini zikinguruma, wakingoja kuambiwa aliko.

"Imewaka," Inuki alirudi. "Bado kushoto. Na umbali umezidi."

"Futa barafu kwenye ncha za waya."

Akafuta.

"Kitoe kabisa hapo usukanini. Kishike juu ya kichwa, mbali na chuma."

"Dubu akiniona hivi atadhani namsalimia."

"Msalimie. Setilaiti zinaonekana?"

"Zimejaa kioo kizima."

Ulayuk akachukua kifaa cha Mjomba, ndugu wa kile cha Inuki, kilichokuwa dirishani. Akamwamuru kaka yake afute alama ya nyumbani, kisha akamsomea namba upya, moja moja, naye akizirudia.

"Tayari?"

"Tayari. Kushoto vile vile. Na umbali umezidi tena, nami sijainua mguu." Hakuwa anacheka sasa. "Sikiliza. Vidole vimekufa ganzi. Nikizidi kukaa hapa mtanikuta nimekuwa samaki wa kugandishwa. Nafuata matuta. Niwekee chai."

"Ngoja kidogo, kaka."

"Matuta hayajawahi kutudanganya, Ulayuk. Hata siku moja."

Alisikia kamba ya kuwashia injini ikivutwa. Mara ya kwanza ikakataa. Akakitazama kifaa mkononi mwake: namba zake zilikuwa zimetulia tuli. Akatazama nje. Moshi wa pikipiki ulikuwa ukitoka upande wa nchi kavu, ukikimbilia baharini.

Kamba ikavutwa tena. Injini ikashika.

"Inuki! Zima!"

"Nini tena?"

"Zima, nakuomba. Usisogee hata hatua. Jikunje nyuma ya tela, ule ile nyama uliyobeba, na kila namba zikibadilika unisomee."

"Kwa hiyo kidude kimepona?"

"Hakikuwa kinaumwa."

Kisha injini ikazimika.

Ulayuk akafungua mlango. Mjomba Pauluusi alikuwa amekwisha kupanda, mguu mmoja umekanyaga tayari.

"Shuka, Mjomba," alimwambia. "Barafu imekatika, imegeuka pamoja na matuta yake, inaelea naye baharini. Pikipiki hazitafika. Leteni mashua."