Mlango wa Siwema

Mwanahawa, jirani yake Siwema, anaapa kwamba alimwona akikatiza sokoni na mlango wa chumba chake kichwani, akadhani kafukuzwa na mwenye nyumba. Kumbe alikuwa anakwenda kudai.

Kiwanda cha korosho kilishindwa kesi, na sasa wabanguaji walikuwa wakilipwa saa zao za ziada. Lakini waliomtangulia walirudi mikono mitupu kwa kukosa ushahidi. Siwema akauegemeza mlango kwenye meza ya karani wa malipo. Upande wa ndani ulijaa mistari ya mkaa, mmoja kwa kila saa aliyobakizwa kazini, miaka miwili mizima.

"Si ungeandika kwenye daftari, dada?" karani akauliza.

"Daftari watoto wangechana. Mlango watauchanaje?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani akahesabu kwa kidole, akapotea, akaanza upya, mwishowe akagonga muhuri. Siwema akapiga kigelegele, wenzake wakamwitikia.

"Basi mlango tuachie hapa, uwe kumbukumbu," karani akaomba.

Siwema alikuwa ameshajitwika mlango wake. Wenzake wawili wakaushika huku na huku, wakatoka nao wakiimba, vumbi la mkaa likiwadondokea mabegani.