Kamba ya Kitanda

Siwema alikuja mjini na kamba ya katani yenye mafundo mawili. Kutoka fundo hadi fundo ndio urefu wa kitanda cha mama yake, aliyepooza, ambaye daktari alitaka akae karibu na hospitali.

Tangu asubuhi dalali alikuwa akimzungusha kwenye vyumba vya kupanga. Mtaa wa juu, penye maji ya bomba, kamba ilinyooshwa chumbani ikabaki nafasi hata ya jiko, ila kodi walitaka ya mwaka mzima. Kila walipoteremka kodi ilipungua, na chumba nacho kikapungua. Cha mwisho, kando ya mtaro wa maji machafu, ndicho alichokimudu. Fundo la pili likatokeza nje ya mlango.

"Vingine vimekwisha, dada," dalali alisema. "Labda fundi akipunguze hicho kitanda."

Siwema alilifungua fundo la pili, akalifunga upya ndani ya kizingiti. Kisha akajilaza ubavu sakafuni juu ya kamba, akakunja magoti kama mama yake atakavyolazwa.

"Hebu funga mlango," akasema.

Mlango ukaja taratibu, ukagota kwenye kisigino chake. Akazidi kujikunja.