Punda Ajiunga na Kwaya

Punda alipojiunga na kwaya, Chiriku, mwalimu wao, alimpa masharti matatu tu: awahi mazoezini, amsikilize aliye karibu naye, na asiondoe macho kwenye bawa la mwalimu.

"Bawa la nini, mwalimu, na sauti ninayo?" Punda akajibu, akafumba macho na kupaza sauti.

Kila mazoezi Chiriku alirudia maneno yale yale, na kila mazoezi Mbuzi, aliyesimama kando ya Punda, alirudi nyumbani masikio yakimvuma.

"Mwalimu, huyu tutamfanyaje?" Mbuzi akauliza.

"Nimesema mpaka koo limekauka," Chiriku akajibu.

Kisha Nungunungu akafiwa na mumewe. Katikati ya wimbo wa maziko kwaya ilipaswa kunyamaza, ili mjane amwite marehemu kwa jina lake mara ya mwisho. Bawa likashuka, wote wakanyamaza. Punda, macho kayafumba, akaendelea kuimba peke yake. Mjane aliita, lakini hakuna aliyemsikia.

Punda alipofumbua macho, mjane alikuwa analia na waombolezaji wote wanamtazama yeye.

"Mbona hamkuniambia?" akanong'ona.

"Tumekuambia tangu ulipokuja," Chiriku akasema. "Ulikuwa unaimba."

Wimbo ukarudiwa. Safari hii Punda alilikodolea bawa macho, akanyamaza pamoja na wenzake, na jina la marehemu likasikika hadi kwa waliosimama nyuma kabisa.

"Kumbe kunyamaza anajua," Mbuzi akaguna. "Ila mpaka mtu afe!"