Uso Wote Uonekane

Koti lilikuwa moja, jeusi, mali ya Dzoro wa kupima magunia kwenye mizani, na wanaume tisa walikuwa wamepanga foleni kulingojea. Atakayemaliza kupigwa picha angelivua, amvike wa nyuma yake, amfunge vifungo, kisha aende kukoholea pembeni.

Hajra alilitazama lile koti kwa uchungu. Hakutoka Mji wa Kale na stendi, mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga na flashi ya kuazima, akaja hadi huku Kibarani, ili apige picha za arusi. Aliwataka wafanyakazi wa kiwanda cha unga wa kusugulia sufuria vile walivyo: nguo za kazi, nyusi nyeupe kwa vumbi la mawe. Mwenye kiwanda alimpa saa ya chakula cha mchana, siku hiyo moja tu. Akipata picha kumi nzuri, ukumbi wa maonyesho ungezitundika. Asipozipata, Jumatatu angerudi kukunjua leso dukani kwa ami yake Taizoon, Biashara Street, na safari hii asingekuwa na wa kumtetea.

Kazi yake aliijua. Ukiitoa flashi juu ya kamera ukaitega ubavuni, nyuma kidogo ya bega la mtu, vumbi lote linaloelea hewani huwaka, na uso hujitokeza nusu kutoka gizani na mikunjo yake yote. Alianza na Mwanaesha, mfunga maboksi, na picha ikatoka ya kumliza mtu. Mwanaesha alikaa na buibui lake lililotapakaa unga, hata hakujipangusa.

"Nipige utakavyo," alisema. "Hayo ya koti ni mambo ya kina Kaingu, watu wa kanisani. Mimi nawe hayatuhusu."

Hajra alicheka, akidhani ni utani. Mwanaesha hakucheka.

Kaingu ndiye aliyekuwa msemaji wao, mwendesha mashine ya kusaga mawe, bwana mrefu ambaye siku hizi mashati yake yalimpwaya. Yeye ndiye aliyeongoza foleni; aliketi, akaikodolea macho ile taa ya ubavuni, akainuka. Akaibeba na stendi yake, akaitua mbele ya kiti.

"Kaka Kaingu, ukiiweka hapo itakuwa picha ya kitambulisho."

"Ndiyo hiyo twaitaka, dadangu. Uso wote uonekane. Usinitie kivuli."

"Na vumbi je? Halitaonekana."

"Vumbi twalijua. Nani nyumbani ataka kuliona?"

Hajra alibembeleza, akaonyesha picha ya Mwanaesha kwenye kioo cha kamera, ikapita mkono kwa mkono. Wakaisifu kwa adabu, na kila mmoja akasema yake isiwe hivyo. Wakatandaza shuka jeupe ukutani, walilokuja nalo wenyewe. Hasira zilimpanda. Watu hawa wanaumia kila siku bila kuonwa na mtu, yeye amewaletea macho ya mji mzima, nao wanataka picha ya studio!

"Basi cheka kidogo," alimwambia Sammy, kijana wa kupakia malori, aliyekuwa akimeremeta kwa mafuta aliyojipaka usoni.

"La, dada. Kicheko si mahali pake."

Sidi, aliyekuwa akichekecha unga, alikuwa ameshabadili nguo akavaa gauni lake la kanisani. Alikaa juu ya gunia akipepewa na wenzake kwa kipande cha boksi. Yeye ndiye aliyemwonea Hajra huruma.

"Usikasirike, mwanangu. Morris wetu, aliyekuwa akichekecha nami hapa, alikuwa na picha moja tu, ya arusi ya watu. Ikabidi ikatwe. Ilipokuzwa, mkono wa mtu mwengine ukabaki begani pake. Mamake akasema mbele za watu wote, huyu si mwanangu."

"Kwani hakuweza kupigwa nyingine?"

Sidi alishikwa na kikohozi kirefu, mpaka Kaingu akaenda kumshika mgongo. Kilipomwachia, Sidi alisimama mbele ya shuka, mikono ameikunja, akimngojea Hajra.

Lisilo budi hutendwa. Hajra aliuelekeza mwavuli mbele, akapunguza nguvu ya flashi, akampiga picha. Kisha wanaume, mmoja mmoja, koti lile lile, macho mbele, midomo imefungwa. Nyuso zilitoka safi, bapa, hazina hata chembe ya vumbi. Kila alipobofya alijiona amerudi hatua moja Biashara Street. Alitamani kulia, na lau si haya angelia.

King'ora kililia. Watu wakajifunga vitambaa puani, wakarudi ndani kwenye ukungu mweupe. Kaingu alibaki nyuma. Alitoa karatasi mfukoni, yenye majina kumi na miaka kumi, maandishi ya kalamu ya risasi.

"Chini ya kila picha ututilie jina la mtu na mwaka aliozaliwa."

"Mwaka wa nini tena?" Hajra alisema huku akikunja nyaya, bado ana kinyongo. "Maonyesho hayahitaji mwaka."

"Si za maonyesho. Maonyesho wapelekee ya Mwanaesha, ni nzuri sana. Hizi ni zetu." Akamngoja atoe daftari. "Andika mwaka wa kuzaliwa, mbele yake utie kistari, halafu uache nafasi. Mwaka wa pili watajaza wenyewe nyumbani."

Kalamu ya Hajra ilisimama.

"Ya Sidi pekee usiache nafasi," Kaingu akasema. "Amesema umalizie na mwaka huu."