Kigelegele cha Sihaba

Dua ya ndoa ilipokwisha, wanawake wakamgeukia Sihaba. Bibi harusi ni binti wa mke mwenzake, na kigelegele cha kwanza hutolewa na mama mkubwa, mke wa kwanza.

Sihaba akafungua kinywa. Taya lake bovu likakwama nusu njia.

"Wivu huo," mmoja akanong'ona.

Akaweka vidole mbele ya masikio, akabandika ulimi kwenye kaakaa kama alivyofundishwa na mtaalamu wa viungo hospitalini, akakanda taratibu. Taya halikuachia.

Mke mwenzake, waliyenuniana naye tangu Ramadhani, akaja akaviondoa vidole vya Sihaba. Akaweka vyake palepale, akakanda.

"Taratibu, dada. Bila chako, hakitoki cha mtu humu."



Taya likalia, tak, likafunguka.